Kisu cha Mhunzi: Tazama Haya Kabla Hujatoa Pesa

Ukiingia Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kamukunji na Gikomba kule Nairobi, utasikia nyundo kabla hujaona mtu. Katikati ya mafundi wa masanduku, majiko na mageti wamo wanaofua visu. Uliza vizuri, utaletewa vitano au sita vimefungwa kwenye gazeti, vyote vinang'aa, vyote "vya springi", vyote vikali. Bei zinapishana mno, na kwa macho peke yake huwezi kujua kwa nini. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kimoja cha kwenda nacho porini: mpanda mlima, mrina asali, skauti, mwenye shamba la mbali, mtu wa kambi za mwisho wa wiki. Ninazungumzia kisu kisichokunjwa, kilichofuliwa kwa mkono, cha kufanyia kazi.

Anza na ukubwa, maana hapo ndipo wengi wananunua sifa badala ya kisu. Video nyingi za kambi zinazotoka Marekani zinaonyesha visu vinene, virefu kama mkono wa mtoto, vinavyogongwa gogo mgongoni vipasue kuni. Wanaofanya hivyo mara nyingi hawana chombo kingine. Sisi tuna panga. Panga linafyeka, linapasua kuni, linakata fito za kibanda, na kila nyumba ya shamba inalo. Ukishakuwa na panga, kisu kinabaki na kazi zake chache: kuchonga vigingi, kukata kamba, kuchuna, kumenya muhogo, kukwangua gome, kuchokonoa mwiba. Kazi hizo zote zinataka chombo kifupi na chembamba. Bapa la sentimeta 10 hadi 12, lenye unene wa milimita 3 au 4 mgongoni, linatosha kabisa. Wafini wamekaa na misitu yao karne nyingi wakiwa na kisu chao wanachokiita puukko, ambacho bapa lake kwa kawaida halizidi sana upana wa kiganja, kwa sababu shoka liko karibu. Sisi tuna sababu ileile.

Kwa hiyo fundi akikuonyesha kitu cha milimita 6 na kukuambia hakivunjiki hata ukikanyagia gari, usibishane naye. Huenda anasema kweli. Lakini jaribu kumenyea viazi.

Tuje kwenye chuma chenyewe. Springi ya lori au basi, ile ya mabamba yaliyolaliana, ni chuma cha pua kizuri kwa kisu cha porini. Kina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, na hiyo kaboni ndiyo inayokiwezesha kuwa kigumu kinapochomwa na kuzimwa ghafla. Pamoja na ugumu huo, kimetengenezwa kuvumilia kupindwa na kurudi. Chuma laini cha madirisha na mageti kwa kawaida hakifikishi asilimia 0.25; ukichome, ukizime, ukiimbie, hakitashika makali. Tupa kuukuu nayo inafaa, kwa kuwa ina kaboni nyingi zaidi, ila kisu cha tupa ambacho hakikulainishwa vizuri huvunjika vipande kikianguka kwenye jiwe. Beringi kubwa hutoa makali yanayokaa muda mrefu, lakini zinamtaka fundi anayejua kuumudu moto wake, na wengi hawajui.

Springi ina tatizo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Iliyotoka kwenye gari lililopigwa na barabara mbovu miaka mingi huwa na nyufa ndogo ndogo ndani yake, hasa karibu na tundu la boliti ya katikati na mahali ilipokatikia. Mwombe fundi akate kisu chako kwenye sehemu nzima ya bamba, mbali na hapo. Akikubali bila kununa, umepata fundi.

Wengine watakuambia chuma chao hakishiki kutu. Kuwa mwangalifu. Vyuma visivyoshika kutu vinavyofaa kwa kisu vipo, lakini kuvifanya vigumu kunahitaji tanuru la kufikisha nyuzi 1,000 na zaidi, na joto hilo lishikiliwe kwa kipimo. Moto wa mkaa wenye kipepeo cha baiskeli hauwezi kupimwa hivyo. Kinachouzwa mara nyingi ni kipande cha masinki ya jikoni, chuma ambacho hakigeuki kigumu hata ukifanyeje. Beba sumaku, hata ile iliyong'olewa kwenye spika mbovu. Ikikataa kushika bapa, rudisha kisu mezani, sema asante.

Vile visu vyenye mawimbi ya kupendeza kwenye bapa, vinavyoitwa vya Dameski, navyo vimeingia sokoni. Vingi hutoka Pakistani, ambako mji wa Wazirabad unajulikana sana kwa kazi ya visu. Vipo vizuri. Lakini mawimbi hayo hayakati chochote, na huwezi kujua ni vyuma gani vilivyochanganywa ndani. Usilipe zaidi kwa ajili ya mawimbi.

Sasa nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kisu kinapotengenezwa au kuharibiwa: kwenye moto. Springi nzuri mikononi mwa fundi asiyejua moto ni bati. Kazi ina hatua mbili. Kwanza kisu kilichokwisha kufuliwa huchomwa mpaka kiwe chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa, kisha huchovywa kwenye mafuta. Fundi mzuri haamini macho peke yake, hasa akiwa anafanya kazi juani ambako wekundu wa chuma hauonekani vizuri; hukigusisha sumaku. Chuma kikifika nyuzi 770 hivi sumaku hukiacha, naye anajua kimebaki kidogo tu. Na ni kwa sababu ya jua hilo wahunzi wa zamani walipenda kivuli cha kibanda. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo yanafaa. Maji hupoza kwa kasi mno kwa chuma cha springi, na kisu kinaweza kupasuka hapohapo au kikabaki na ufa usioonekana.

Kikitoka kwenye mafuta kinakuwa kigumu kupita kiasi, na kinaweza kuvunjika kama sahani. Hatua ya pili ni kukipasha tena, kwa joto la chini, ili kipunguze ukali wa ugumu na kupata uvumilivu. Mwenye oveni hukiweka kwenye nyuzi 200 kwa saa moja au mbili. Asiye na oveni hung'arisha bapa kwa msasa, akalaza mgongo wa kisu juu ya pande la chuma cha moto, akatazama. Rangi huanza kutembea: njano ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha buluu, zikitoka mgongoni kuelekea kwenye makali. Njano inapogusa makali, anakitumbukiza kwenye maji. Mgongo umebaki na buluu, yaani umelainika na hautavunjika. Makali yamebaki na njano, yaani magumu. Ukipata nafasi ya kulitazama jambo hili, simama utazame. Halichukui muda mrefu, na ndilo linalotenganisha kisu na mapambo.

Kwa hiyo swali lako kwa muuzaji lisiwe "Hiki ni kikali?" Kila kisu kilichopita kwenye grenda asubuhi ni kikali. Uliza hivi:

"Fundi, hiki ulikizima kwenye nini?"

"Mafuta, mkuu."

"Halafu?"

"Halafu nikakipiga msasa."

Hapo umeshajibiwa. Hakikupashwa mara ya pili. Anayejua kazi atakueleza hatua hiyo mwenyewe, na pengine kwa urefu kuliko ulivyotaka kusikia.

Maneno hayatoshi, kwa hiyo jaribu. Shika kisu usawa wa jicho, ncha ikitazama mbele, uangalie kama mgongo na makali vimenyooka. Kilichopinda kidogo kwenye mafuta kinaweza kukusumbua kila utakaponoa. Kigonge kwa ukucha au kwa kijiti huku umekishika msukani, ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini, kama bado hakijatiwa mpini. Kizima hulia. Kilichopasuka husema "ko" na kunyamaza.

Kisha omba tupa nzuri. Ipitishe taratibu karibu na makali. Ikizama na kutoa unga kama kwenye nondo, chuma ni laini. Ikiteleza kabisa bila kuacha alama yoyote, kisu huenda hakikupashwa mara ya pili na kitakuwa chepesi kumeguka. Unachotafuta ni tupa inayoteleza huku ikikwaruza kidogo kwa shida. Fundi anaweza kukasirika kwamba unakwaruza mali yake. Mwambie utanunua kikipita, na utimize.

Jaribio linalonipendeza zaidi halihitaji chombo chochote cha gharama. Nyufa za kuzimwa ni nyembamba kuliko unywele na msasa huzifunika. Paka bapa lote mafuta ya taa, subiri dakika chache, ulifute mpaka likauke kabisa kwa kitambaa safi. Halafu sugua chaki ya shule, unga wake uanguke juu ya chuma, hasa kandokando ya makali. Weka pembeni, zungumzeni mambo ya mvua. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari wa giza kwenye unga mweupe. Mafundi wa mitambo hutumia njia hiyohiyo kukagua vyuma vinavyobeba mizigo mizito. Mstari ukionekana, hakuna cha kupatana bei.

La mwisho ni makali kwenye shaba. Chukua kipande cha shaba ya manjano, kama ile ya koki za maji, ukandamize makali juu yake kwa mwinamo mdogo huku ukivuta. Utaona ukingo ukibinuka kidogo. Ukiachia, urudi wenyewe. Ukibaki umelala, kisu ni laini. Ukimeguka, ni kigumu mno. Baada ya hapo chonga kijiti kikavu chenye kifundo, mti mgumu wowote uliopo, kisha jaribu kukata ukanda wa gazeti. Kikikata gazeti kabla ya kijiti na kushindwa baada yake, umejua.

Kuna hitilafu nyingine inayotokea mwishoni kabisa, baada ya moto kwenda vizuri. Fundi anatia makali kwa grenda, anakandamiza kwa haraka, ukingo unapata moto na kugeuka buluu. Pale palipogeuka buluu pamelainika tena. Anapitisha msasa, rangi inafutika, ulaini unabaki. Ukiona ndoo ya maji karibu na grenda na fundi anachovya kila baada ya mapigo mawili matatu, tulia. Ukiona cheche zinaruka mfululizo na hakuna ndoo, usichukue kisu cha siku hiyo.

Umbo la makali nalo lina maana. Wahunzi wetu wengi huacha chuma kinene nyuma ya makali, wakaweka mteremko mfupi mwishoni. Kinaonekana kikali, kinachuna kuku bila shida, lakini kwenye mti kinagoma, kwa sababu unasukuma kabari. Mwombe ateremshe bapa kutoka katikati au juu zaidi, moja kwa moja mpaka kwenye makali, bila ngazi ya pili. Kisu cha namna hiyo hukaa sawa juu ya kinoo: unalaza mteremko mzima juu ya jiwe, unanoa, huhitaji kukisia pembe. Kwa anayejifunza kunoa, hakuna umbo lililo rahisi zaidi. Ncha iwe imeshuka kidogo chini ya mstari wa mgongo ili isitoboe usichotaka. Mgongo wenyewe uachwe na kona kali za mraba. Kwa kona hizo utakwangua gome na kupiga cheche kwenye kijiti cha kuwashia moto bila kuharibu makali.

Mpini hauna maneno mengi, isipokuwa moja: uguse kwa mkono wako, si kwa jicho. Ushike kwa nguvu kama unayechonga kigingi, ubaki hivyo kwa muda. Kona yoyote inayochoma sasa italeta lengelenge kesho. Kataa mashimo ya vidole. Yamepimwa kwa mkono wa fundi. Mpini wa duara huzunguka kiganjani usiku, kwa hiyo umbo la yai ni bora. Mninga umetulia na haupanuki ovyo ukipata unyevu. Mpingo ni mzuri na mzito kiasi cha kuzama majini, ila uwe umekauka sawasawa, la sivyo utapasuka. Pembe la ng'ombe linapendeza. Meno ya tembo na sehemu nyingine za wanyamapori usiguse hata ukipewa bure: Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, Kenya ina yake ya 2013, na mpini mmoja unatosha kukufikisha mahakamani.

Msuka ndio wa kuulizia zaidi kuliko mti. Chuma kikipita mpini mzima hadi kitakoni, kikabanwa na vipande viwili vya mti kwa ribiti na gundi ya mirija miwili, umepata mpini ambao hautachomoka. Msuka mwembamba uliozama ndani si mbaya. Wafini hao hao huutumia. Mbaya ni ule mfupi kama msumari, uliogongwa kwenye mti na kufungwa noleo la bati. Kwa nje yote yanafanana. Kama mpini umeziba, uliza, na umpe fundi nafasi ya kukuonyesha kisu kingine ambacho hajakitia mpini.

Ala wengi huipokea kama zawadi ya juu, na ndiyo inayokulinda paja. Ngozi iwe nene, na katikati ya pande mbili, upande wa makali, kuwe na ukanda wa tatu wa ngozi ulioshonewa ndani. Bila ukanda huo kisu kitakata uzi kila unapokirudisha, na siku moja kitatokea nje. Kigeuze kichwa chini, kitikise, kisitoke. Wapo wanaotengeneza ala kwa bomba la plastiki la maji lililopashwa moto na kubanwa. Si la kupendeza, lakini halinyonyi mvua.

Kuhusu mahali pa kununua, mjini si lazima. Upareni, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi tangu zamani, na Wachaga walipata chuma kutoka huko. Mamba, karibu na Marangu, bado kuna wahunzi wanaofua mikuki na visu, na wateja wao wa siku nyingi ni Wamasai. Ukifika huko, usinunue sime ukidhani ni kisu cha kambi. Sime ni silaha, refu, lililotanuka kuelekea kwenye ncha. Kumenyea muhogo ni adhabu. Na vile vilivyopangwa kwa ajili ya watalii, vyenye shanga mpinini, huwa ni vya ukutani. Mweleze mhunzi unataka nini, mchoree kwenye kadibodi kwa kipimo kamili, uache nusu ya pesa, urudi.

Kisu cha springi kitashika kutu, hasa Tanga, Mombasa na Unguja. Kipanguse baada ya kazi, kipake mafuta ya nazi, na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi; ngozi hushika unyevu. Weusi wa kijivujivu unaotokea baada ya kukata ndimu na nyama si kutu, uache. Noa mara kwa mara kwa kinoo, kidogo kidogo, na usimpe tena mtu wa grenda.

Safarini kiweke kwenye begi la chini ya basi, na kwa ndege kwenye mzigo unaokabidhiwa, kamwe si wa mkononi. Mjini kisikae kiunoni. Ndani ya hifadhi za taifa, kuwa na kisu hakukupi ruhusa ya kukata mti.

Kama pesa haitoshi kwa kisu cha mhunzi aliyepita majaribio haya, nunua cha kiwandani. Visu vya Mora vya Sweden, au hata cha bucha kilichofupishwa, vitakufaa kuliko kilichofuliwa vibaya. Ila ukimpata fundi anayepasha mara mbili, anayechovya kwenye ndoo, asiyenuna ukiomba tupa, basi bei yake itakuwa juu ya jirani yake kwa sababu ametumia mkaa na muda ambao jirani hakutumia. Mlipe. Na mwambie agonge alama yake kwenye bapa, ili wenzako wajue pa kwenda.